Kadi Yangu Ndiyo Iliyomleta Kampala

Wasomaji wenzangu, nina miaka thelathini na mmoja, na haya ninayaandika kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia haujapona... Sitaki kuhurumiwa. Nina hasira!

Niliolewa Gatwekera, Kibera, na fundi wa kuchomelea milango. Akikosa kazi, nilipigwa. Akipata kazi alilewa, nikapigwa vilevile. Siku aliponichoma mgongoni kwa chuma cha moto, nilijua nikibaki nitazikwa. Nikakimbilia kwa dada yangu Atieno, msusi wa Kawangware. Aliuona mgongo wangu, akafunga saluni, tukapanda basi la Kampala.

Tulipata vitanda kwenye hosteli ya bei nafuu. Jamani, nililala! Nilikuwa nimesahau usingizi ni nini... Malipo nilitoa taslimu, mpaka Jumapili moja noti za Uganda zikaniishia na maduka ya kubadilisha pesa yamefungwa. Msichana wa mapokezi alizikataa shilingi zetu, akauliza kama nina kadi. Nilikuwa nayo. Nikalipa, nikaenda kuoga nikiimba!

Kumbe nilikuwa nimejianika. Nilipofungua akaunti ya kadi hiyo simu yangu ilikuwa imeibiwa, nikaandikisha namba ya mume wangu. Nani kwetu hajafanya hivyo? Ujumbe wa benki uliingia kwenye simu yake, na jina la hosteli likiwa ndani.

Kesho yake jioni alitukuta tukinywa chai.

"Ulidhani utanihepa, we mwanamke?"

Alinipiga chupa ya soda kichwani, ikapasuka. Nilipoanguka aliukanyaga mkono wangu mpaka nikausikia ukivunjika... Atieno akajitupa katikati yetu.

"Shem, mwache! Utamuua!"

Akamgeukia yeye, na kile kipande cha chupa kilichobaki mkononi mwake akamchoma nacho jichoni. Damu! Dada yangu alinishika nguo.

Walinzi wa hosteli walimfunga mume wangu kamba, polisi wakamchukua. Kufungwa kwake kunanirudishia nini? Atieno sasa anasuka kwa jicho moja, na wateja wengine wamemhama. Hajanilaumu hata siku moja. Afadhali angenitukana!

Dada zangu, ukimkimbia mtu, lipa taslimu. Lakini usingoje mpaka siku ya kukimbia... Leo hii nenda dukani, lipa kwa kadi yako, kisha usikilize. Ni simu ya nani inayolia?