Kiti Kilichokaribishwa Nyumbani

Breki zilikuwa moto. Nogami alizigusa asubuhi, hata chai hajanywa, akautoa mkono upesi na kujipuliza vidole. Nazo hazikuwa kwenye gari. Zilikuwa juu ya meza bandani, zimefunguliwa tangu wiki iliyopita, zinasubiri mnunuzi. Banda zima lilinuka pedi za breki zilizoungua, harufu ambayo kila dereva wa milima ya Ueda, kule Japani, anaijua.

"Jua hilo," alijiambia. Jua gani, na dirisha la banda linatazama kaskazini, upande usiopata jua huko?

Nogami hakuwa mfanyabiashara. Alikuwa mgonjwa wa magari, na wagonjwa wenzake walimjua: ukitaka breki kubwa za mbio, au kiti kinachokubana mbavu, nenda kwa Nogami, hatakuuzia takataka. Breki hizi na kiti cha dereva alivinunua kwa bei ya kutupa kwenye maegesho, kwa kijana aliyekataa hata kuteremka garini amsaidie kupakia. Alipomuuliza kama gari vilikotolewa lilipata ajali, kijana akasema, "Wewe chukua tu, kaka." Nogami akachukua, kisha kwenye tangazo akaandika: gari halijawahi kupata ajali. Hapo ndipo alipojikaanga mwenyewe.

Okabe, rafiki yake wa mbio, alifika kukitazama kiti. Alikaa, akaruka kama aliyekalia pasi.

"Nogami, mimi na wewe tumetoka mbali. Gari kilikotoka kiti hiki lilianguka?"

"Tangazo si umelisoma?"

"Nimesoma. Nakuuliza wewe."

"Halikuanguka."

Okabe alikitazama kiti, akamtazama mwenzake, akashusha sauti. "Basi humu kuna mtu. Nimekaa juu ya mapaja ya mtu, ndugu yangu. Nimeyahisi magoti yake." Akaondoka bila kuaga, na Okabe si mtu wa kukosa adabu.

Kesho yake mchana Mitsue, mke wa Nogami, alikuwa jikoni anakoroga supu ya miso. Mlango ukasikika ukisukumwa.

"Nimerudi," ikasema sauti ya mwanamume.

"Karibu nyumbani!" akaitikia Mitsue.

Ndivyo walivyo watu wa huko. Anayeingia husema amerudi, na aliye ndani humkaribisha nyumbani, hata kama mdomo umejaa wali. Hawafikiri; ulimi hujibu wenyewe. Mitsue alipochungulia, mlango ulikuwa umefungwa na pale chini hapakuwa na viatu vya mtu. Kutoka bandani kikasikika kiti kikilalamika, kama kinavyolalamika mtu mzito anapojiegemeza.

Nogami aliporudi kazini alimkuta mkewe amesimama uani na mwiko mkononi.

"Baba Chinami, umeniletea nini humu ndani?"

"Kiti tu."

"Usinifanye mtoto. Kiti cha nani? Mwanao anataka kukifunga kwenye gari lake, anakikalia kila jioni. Kiti cha nani?"

Nogami akasema yote, tangu yule kijana wa maegesho hadi magoti aliyoyahisi Okabe. Chinami alikuwa binti yao wa pekee.

Asubuhi iliyofuata, Chinami akiwa kazini, wakamleta kuhani Sakakibara wa hekalu la mtaani. Mzee alinusa hewa ya banda, akakataa kuvuka kizingiti.

"Nani alimwitikia?"

"Mimi," Mitsue alinong'ona.

"Basi umemkaribisha, mama. Sasa hapa ni kwao." Akamwaga chumvi kukizunguka kiti, akaacha mwanya upande wa mlango. "Huu ni wa yeye kutokea. Leo mpaka jua lizame, yeyote atakayebisha hodi au kusema amerudi, msimwitikie, hata awe nani. Akikosa wa kumpokea ataondoka. Kisha mkichome kiti."

Mitsue akamwandikia Chinami alale kwa shangazi yake. Ujumbe haukusomwa.

Wakakaa sebuleni, magoti yamegusana, wakasikiliza. Harufu ya pedi zilizoungua ikaanza kupenya chini ya mlango wa sebule waliokuwa wameufunga, kwanza kidogo, kisha nzito mpaka macho yakawatoka machozi, na bandani breki zikawa zinalia zenyewe juu ya meza, mlio mrefu wa chuma kwa chuma wa gari linaloshuka kasi kwenye kona isiyokwisha, na katikati ya mlio huo mlango wa mbele ukasukumwa.

"Nimerudi!"

Ilikuwa sauti ya Chinami. Mitsue alifumbua mdomo, na Nogami akauziba kwa kiganja chake.

"Siye," alimnong'oneza sikioni. "Anatuchezea. Nyamaza, tafadhali, nyamaza."

"Mama? Jamani, hakuna mtu?"

Mitsue alimng'ata mkono mpaka damu ikatoka. Nogami hakumwachia.

Ndipo kutoka bandani sauti ya mwanamume ikaitikia, kwa upole, kama mwenye nyumba:

"Karibu nyumbani."

"Aa, baba, kumbe uko huko!" Vilisikika viatu vikivuliwa, kimoja, kingine, kisha nyayo nyepesi zikapita ukumbini kuelekea mlango wa ndani wa banda.

Nogami alipofika huko, alikuwa amechelewa. Chumvi ilikuwa imekanyagwa. Chinami alikuwa amekaa kitini, mikanda imemfunga begani, mikono imeshika usukani usiokuwepo. Akainua uso taratibu, akamtazama kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Nimerudi," alisema, kwa sauti nzito ya kiume.