Majibu Yaliyokaa Miezi Saba

Mimi ni msusi. Riziki yangu ni vidole hivi. Asubuhi moja niliamka vimevimba, havikunjiki. Mpaka saa nne ndipo vikalegea. Kesho yake vivyo hivyo. Mwezi mzima.

Hospitali walipiga picha ya mikono, wakachukua na damu. Picha ilitoka siku ile ile. Mume wangu akaitazama utadhani yeye ndiye daktari.

"Mifupa mizima," akasema. "Hiyo ni baridi ya maji ya kuoshea nywele. Twende nyumbani."

Nami mjinga nikamfuata. Majibu ya damu yalibaki huko huko. Nilimeza vidonge vya maumivu, nikasuka huku nimeuma meno. Miezi saba! Hasira haijaniisha hadi leo.

Siku moja nilimsuka muuguzi.

"Shoga, mbona hukazi? Lete mikono nione."

Akabonyeza. Nikaruka.

"Damu walipima?"

"Walipima, lakini picha ilikuwa safi."

Akageuka kitini, nusu ya kichwa bado haijasukwa. "Picha inaonyesha mfupa ulioharibika tayari. Damu inaweza kuonya mapema. Mnasubiri vidole vipinde ndipo muamini?"

Kesho yake nilikwenda na mume wangu. Sikumwomba, nilimwambia. Daktari akakagua viungo vyangu, akasoma yale majibu ya zamani.

"Hii ni baridi yabisi," akasema. "Kinga ya mwili inashambulia viungo vyako mwenyewe. Kwenye damu kuna alama mbili za ugonjwa huu, na zote ziko juu sana. Hazisemi kila kitu. Lakini zikiwa juu hivi, mara nyingi ugonjwa huwa mkali na hula mifupa upesi. Ningekuanzishia dawa siku ile ile yalipotoka."

"Siku ile ile," nikamgeukia mume wangu. "Umesikia?"

Akaomba karatasi ya majibu, akaanza kuisoma.

Sasa nameza dawa mara moja kwa wiki, kama daktari alivyoniandikia. Napimwa damu mara kwa mara, tujue dawa hainidhuru ini. Uvimbe umeshuka, nasuka tangu asubuhi. Majibu anayafuata mume wangu mwenyewe, na kila neno anauliza maana yake.

Lakini kidole cha kati cha mkono wa kulia kimepinda. Juzi alikishika, akaniuliza kama kinauma.

"Hakiumi," nikamwambia. "Ila hakitanyooka tena."