Maji ya Adhuhuri

Harufu ndiyo iliyotangulia, harufu ya nywele zilizoungua. Ilitoka bafuni, kwenye tundu la sakafuni linalopitisha maji machafu, na ilikuja adhuhuri tu, wakati jua la Doha limesimama wima na hata paka wa mtaa wa Al Wukair wamejificha chini ya magari. Nasimiyu alimwaga dawa, akasugua sakafu, akaacha feni wazi. Kesho yake harufu ikarudi.

Nasimiyu alitoka Bungoma mwezi wa Januari kuja kusomea uuguzi. Moyoni alikuwa na mambo mawili: mitihani, na Nafula, binti yake wa miaka minne, aliyemwacha kwa mamake. Asubuhi alipanda basi hadi stesheni ya metro, akakaa darasani amejifunika sweta kwa baridi ya viyoyozi, kisha akarudi kupika, kufua na kupiga simu nyumbani. Watu wa kijijini walidhani anakula raha. Raha gani, na mtoto unambusu kwenye kioo cha simu?

Chumba alikikodi pamoja na Swabra, msichana wa Mombasa aliyekuwa mwaka wa pili. Kilikuwa orofa ya juu kabisa, chini ya matangi ya maji. Joto lilipopanda mwezi wa Juni, Swabra alizima hita ya bafuni. Nasimiyu akadhani mwenzake anabana umeme, wala hakuuliza. Yeye alioga alfajiri na maji yalimfaa.

Baada ya harufu kikaja kilio. Kilikuwa cha mtoto mchanga, kidogo sana, kikipanda kutoka sakafuni. Nasimiyu alijiambia ni wa jirani, mpaka akakumbuka kwamba chini yao walikaa walinzi wa Kiganda, wanaume tupu.

Siku hiyo alipompigia Nafula, mtoto hakumwangalia. Aliangalia nyuma yake.

"Mama, huyo ni nani?"

Nyuma ya Nasimiyu palikuwa na mlango wa bafuni. "Hakuna mtu, Nafula."

"Yupo. Amebeba mtoto. Anasema umemchoma mtoto wake." Nafula akainamisha kichwa kama anavyofanya akisikiliza wakubwa. "Mama, anauliza mimi nalala wapi."

Nasimiyu alikata simu, akajuta kuikata, akapiga tena. Nafula alikuwa ameshakwenda kucheza. Swabra aliporudi alimkuta mwenzake ameketi kitandani, miguu juu, hataki hata kuigusa sakafu.

"Juma lililopita ulipika githeri, yale mahindi na maharagwe yenu," Swabra alinong'ona baada ya kusikia yote. "Maji yake uliyamwaga wapi?"

"Sinki la jikoni lilikuwa limeziba. Niliyamwaga bafuni."

"Yakichemka?"

"Yakichemka."

"Na bismillahi ulipiga?"

"Swabra, mimi ni wa kanisa. Nipige bismillahi ya nini?"

"Ya kuwaambia wapishe, mwanangu. Hapo chini kuna wenyewe. Nyanya yangu hamwagi hata maji ya tambi bila kuwabishia hodi."

Siku nyingine Nasimiyu angecheka, maana kwao mambo ya majini huachiwa watu wa pwani. Lakini usilolijua ni usiku wa giza, na lile swali la mahali anapolala Nafula lilikuwa halimtoki akilini. "Anamtaka mtoto wangu," alisema. "Nifanye nini?"

"Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Huyo anataka wake apoe, basi. Kesho, saa hiyo hiyo, mmwagie maji baridi, mpe asali na marashi, umwombe radhi kwa kinywa chako. Mimi siwezi kukuombea, si mimi niliyemwaga. Tena kesho niko zamu hospitalini."

Nasimiyu alijiandaa kama anayekwenda kumhudumia mgonjwa. Darasani walikuwa wamefundishwa kwamba aliyeungua hupozwa kwa maji yanayotiririka, polepole, bila haraka, na hilo alilijua vizuri. Alikata kipande cha bandeji, akakipaka asali, akakinyunyizia marashi ya waridi ya Swabra. Adhuhuri ilipofika, harufu ikapanda, kilio kikaanza, naye akapiga magoti.

"Nisamehe, mama," alisema. "Sikujua mko hapa. Na mimi ni mzazi."

Kilio kikapungua, kana kwamba kuna aliyemnyamazisha mtoto ili asikilize, na Nasimiyu akaelekeza mpira wa maji kwenye tundu na kuufungua mfereji wenye alama ya buluu, ule ambao maisha yake yote ulikuwa mfereji wa maji baridi, akaufungua wote, kwa mapenzi yote ya mtu anayetaka kutenda mema, asijue kwamba tangi la juu ya dari lilikuwa limepikwa na jua tangu asubuhi, na maji yakatoka yakifuka mvuke, yakamchoma vidole, yakaingia mle ndani kabla hajauwahi mfereji kuufunga.

Kilio kilichofuata hakikuwa kidogo tena. Kilipasua vigae, kikatikisa kioo, na juu yake ikaja sauti ya mwanamke isiyo na maneno, ambayo Nasimiyu aliifahamu bila kufunzwa, kwa kuwa yeye mwenyewe angelia hivyo hivyo kama mtu angemmwagia Nafula maji ya moto, akaomba msamaha, kisha akammwagia tena.

Maji yakimwagika hayazoleki. Alikimbilia friji, akarudi na chupa za maji ya kunywa, akamimina taratibu huku akilia na kuimba wimbo aliombembelezea Nafula, akamimina mpaka chupa zikaisha. Mwisho akaishusha bandeji tunduni, macho ameyafumba. Vidole vidogo, vya moto, vikaipokea mkononi mwake.

Alipofumbua macho, bandeji haikuwepo. Bafuni palinukia waridi.

Swabra aliposimuliwa alikaa chini. "Mfereji wa buluu? Wewe, msimu huu huo ndio wa moto. Mbona mimi nazima hita? Hita ikizimwa, maji yake ndiyo yanayopoa humu ndani."

"Hukuniambia."

"Hukuuliza. Nikadhani unajua." Swabra alitazama mlango wa bafuni. "Amenyamaza, au ameondoka?"

Siku zilipita bila harufu wala kilio, akaanza kulala, akafanya mtihani wake, hata akapika githeri tena na kuacha maji yake yapoe kabisa kabla ya kuyamwaga. Ndipo adhuhuri moja mamake akapiga simu, akiongea chini chini kama mtu anayeogopa kusikiwa na walio sebuleni.

"Nasimiyu, mbona hukuniambia unaleta wa pili?"

"Wa pili nani, Mayi?"

"Huyu mtoto. Nilimkuta asubuhi kitandani na Nafula. Hasemi. Chai hataki."

Mamake akaigeuza simu. Nafula alikuwa ameketi mkekani, na kando yake, pale kivuli cha kabati kilipoanzia, mkono mdogo ulikuwa umelala juu ya goti lake. Ulikuwa umefungwa bandeji, rangi ya asali ikionekana katikati.

"Nafula," Nasimiyu alisema, akijilazimisha sauti isipande. "Njoo kwa Kukhu, kwa nyanya yako. Njoo polepole."

"Siwezi, Mama, amenishika. Mama yake amesema huyu atakaa na Kukhu, kama mimi ulivyoniacha. Akipona atakuja kumchukua." Nafula akafikiri. "Asipopona atanichukua mimi."

Mwalimu wao alisema kidonda kilichoungua mara mbili ni vigumu kupona, na Nasimiyu alikuwa amelijibu swali hilo kwenye mtihani. Aliikaribia simu. Ilibidi aulize, kwa kuwa ndicho kitu pekee alichokuwa anaweza kukifanya akiwa mbali vile.

"Mkono wake ukoje, Nafula? Niambie ukweli."

Nafula aliinama, akainusa ile bandeji taratibu, kisha akakunja pua.

"Unanuka," akasema.