Pete ya Mama Suzanne

Hii ilimupata rafiki yangu Vital, hapa Bunia. Alichukua hadithi ya marehemu Mama Suzanne wa Boga, akageuza majina tu, akasema ni yake. Mama Suzanne, kila alipokuwa anaisoma, mbele ya kufika mwisho alikuwa anagonga meza na pete yake, mara mbili.

Siku Vital aliisoma mu sale ya paroisse, pale kanisani, mvua ikapiga mabati, umeme ukakatika. Akaendelea kusoma na mwanga wa telefone. Karibu na mwisho, meza ikalia: ko, ko.

Mukono moja ya Vital ilishika karatasi, ingine telefone.

Fifi, binti ya marehemu, akasema polepole mu giza:

"Mama tulimuzika na ile pete."