Upondo wa Konstebo Gadsby

Jumapili ile ilikuwa ya kawaida kabisa kwetu Harrowmere. Watu walitoka kanisani, wakala nyama yao ya kuoka, wakalala. Katika nyumba ya polisi kando ya mto, Thirza aliosha vyombo huku mumewe, Konstebo Horace Gadsby, akikoroma na vifungo vya koti vimeachiwa tumbo lipumue.

Gadsby alikuwa ametumikia polisi ya kaunti zaidi ya miaka ishirini. Kazi kubwa aliyowahi kuifanya ni kumkamata mlevi aliyekuwa amelala. Alihamishwa kijiji hadi kijiji, akiwachapa watoto wanaoiba matofaa na kuwavulia kofia wenye mashamba, na kila kijiji kilimuaga kwa furaha. Sasa, kwa maajabu ya serikali, Jumatano mrakibu alikuwa anakuja kumvisha V tatu za sajenti.

Jua lilikuwa halijazama Rhoda Catchpole alipobisha hodi mlango wa jikoni. Alikuwa mke wa Enoch, mvuvi wa mikunga, na jicho lake moja lilikuwa limevimba likafunga. Alisema Enoch ameapa kummaliza. Thirza alimkalisha kwenye kiti cha sebuleni karibu na moto, akammiminia chai. Gadsby hata kiko hakukitoa mdomoni.

"Unaishi wapi?"

"Ng'ambo ya daraja, afande."

"Basi wewe si wa kaunti hii. Siku nyingine, kabla hujagonga mlango wa serikali, ujue kwanza uko upande gani."

Mto ndio ulikuwa mpaka. Polisi wa ng'ambo alikaa mwendo wa nusu siku kwa miguu. Rhoda aliiacha chai yake na kwenda.

Jumatatu asubuhi Thirza alishuka bustanini kuanika nguo, akamkuta kwenye matete. Rhoda alikuwa chali majini, shingoni alama nyeusi za vidole. Thirza alimwita mumewe akidhani atamtoa. Gadsby aliutazama mwili, akatazama ukingo wa pili, akatazama njia kama kuna mtu. Mwili ukiokotwa upande huu kutakuwa na uchunguzi wa kifo, na mtu atauliza kwa nini marehemu alifukuzwa hapa jana yake. V tatu zingeyeyuka.

Alikwenda bandani akachukua upondo, ule mrefu wenye ndoano wa kuvutia ng'ombe waliozama. Aliutia kwenye mkanda wa marehemu, akasukuma, akasukuma, mpaka mwili ukashika ukingo wa pili.

"Sasa ni wa kwao," alisema, akijifuta mikono kwenye suruali.

Thirza alimwambia atasema. Gadsby alimsogelea sikioni. Alimkumbusha kwamba nyumba ile ilikuwa ya kazi, na siku atakayofukuzwa yeye, mke wake atalala wapi? Thirza alirudi kuanika nguo. Alijidharau kwa kunyamaza, ila alimdharau mumewe zaidi.

Jumanne Rhoda alikuwa amerudi. Matete yale yale. Maji ya mto ule yanakwenda baharini, hayarudi, lakini yeye alirudi, na safari hii uso ulikuwa umegeukia mlango wa jikoni. Gadsby alimsukuma tena, jasho likimtoka.

Jumatano matete yalikuwa matupu. Gadsby alipiga mluzi akipaka kiwi viatu. Thirza ndiye aliyeziona nyayo za maji kwenye njia ya bustani. Zilipanda kutoka mtoni. Hazikushuka.

Mrakibu alifika alasiri, mzee mrefu mwenye masharubu meupe, akakaribishwa sebuleni kwa chai na keki. Alikuwa anaeleza habari za pensheni mlango wa jikoni ulipobishwa, polepole, kwa ustaarabu.

Thirza alifungua. Hapakuwa na mtu. Kitu cha baridi kikampita ubavuni, kikinuka tope la mtoni. Unyayo wa maji ukatokea sakafuni. Ukatokea wa pili. Ukaelekea sebuleni.

Kiti cha karibu na moto kililia kama kimekaliwa. Mto wake wa kukalia ukaanza kulowa.

Mrakibu aliendelea kuongea. Gadsby alikuwa anakikodolea macho kile kiti. Kisha ikaja sauti, ndogo, ya mtu aliyekabwa. Thirza aliisikia.

"Afande. Niko upande gani?"

Gadsby alisimama. "Ng'ambo," alinong'ona. "Nilikusukuma ng'ambo mimi mwenyewe."

"Unaongea na nani, Gadsby?" mrakibu aliuliza.

Gadsby alikuwa ameshatoka mbio. Walimkuta ukingoni na upondo, anasukuma. Majini hapakuwa na kitu. Anasukuma tu.

Kisha upondo ukaanza kuvutwa.

Taratibu. Kutoka ncha ya pili. Angeweza kuuachia. Hakuachia. Maji yakamfika kiunoni. Kifuani. Ikabaki kofia.

Pale pale ukingoni, aproni ikiwa bado kiunoni, Thirza alimweleza mrakibu kila kitu, akijua nyumba imekwenda. Enoch alikamatwa akiwa amelewa. Rhoda aliokotwa ng'ambo, chini ya mtumbwi wa mume wake, alama za vidole zikiwa bado shingoni, na Enoch akanyongwa.

Gadsby naye aliibukia ng'ambo. Polisi wa kule, aliyefundishwa kazi kama yeye, alitazama kulia na kushoto, akamsukuma akarudi kwetu. Wa kwetu mpya akamrudisha. Sajenti mtarajiwa alivuka mpaka huko na huko mpaka mkulima mmoja akamvua, kwa kuwa alikuwa anawatisha ng'ombe wake wasinywe maji.

Siku Thirza alipohama na sanduku lake moja, upondo ulikutwa umeegemezwa kwenye mlango wa jikoni. Hakuna aliyeuleta. Mpaka leo umetundikwa bandani, na mti wake haujakauka. Karibu na ndoano pana alama za vidole vilivyobonyea ndani ya mti, vidole vyembamba vya mwanamke.

Konstebo tuliye naye sasa huufuta kila asubuhi. Mtu akibisha mlango wa jikoni, humwingiza kwanza, akamkalisha karibu na moto. Hajawahi kumuuliza yeyote anatoka upande gani.