Sauti za Bibi Nambeye Zilizokuwa Kwenye Herufi M

Wasomaji wenzangu, nina miaka arobaini na mmoja, mama wa watoto wawili, na hadi leo sifuti kitu kwenye kompyuta kabla ya kuuliza...

Nilikuwa na miaka ishirini na saba nilipoajiriwa Vwawa, kwenye ofisi ndogo iliyokuwa ikiandaa kamusi ya Kinyiha. Kazi yangu ilikuwa kwenda kijiji cha Itaka kumrekodi Bibi Nambeye, bikizee aliyejua maneno ambayo hata wazee wenzake walikwisha kuyasahau. Alinipenda mno! Nikifika ananichomea mahindi, anasimulia, anacheka mwenyewe.

Fundi wetu, Fadhili, aliweka programu ya kutunza kila toleo la kazi zetu kwenye mashine kubwa ya ofisi. Kila mmoja alikuwa na folda yake ndani ya kompyuta yake, na ili tusihangaike kuitafuta, akaipa herufi. Yangu ikawa M. Nikiwasha kompyuta naiona M chini ya C, diski ya kompyuta yenyewe, kama diski nyingine kabisa.

“Dada, kila jioni uwasilishe kazi,” alinisihi. “Usipowasilisha, mashine kubwa haina kitu chako.”

Niliitikia tu. Niwasilishe kazi yenye makosa ili wanicheke? Nitawasilisha nikimaliza! Kiburi, jamani...

Siku moja C ikajaa. Nikakuta humo folda yenye sauti zote za Bibi, na kwenye M zimo vilevile. Nakala mbili za nini? Nikafuta za C, nikamwaga na pipa la taka. Kisha nikafungua M... Tupu!

Fadhili alishika kichwa. Akanieleza kwamba M haikuwa diski, lilikuwa jina tu la folda ile ile niliyoifuta. Alihangaika siku mbili kuzifufua, hakuipata hata moja.

Nikapanga kurudi Itaka tuanze upya. Kabla sijaondoka, habari ikaja kwamba Bibi amefariki.

Baada ya matanga, binti yake alikuja ofisini na maharage kwenye kikapu. Nikamwamkia, akaketi karibu yangu.

“Mwanangu, haya aliyavuna mama mwenyewe. Niwekee kidogo nimsikie.”

Ningefanya nini? Nikafungua M, nikaitazama.

“Haina haraka,” akasema, akidhani mashine inachelewa. “Nitasubiri.”

Akasubiri... Machozi yakanitoka, akaelewa mwenyewe.

Ndugu zangu, kabla ya kufuta, ulizeni! Na msione haya kuwasilisha kazi yenye makosa. Makosa yangu yangerekebishwa. Bibi Nambeye hawezi kunisimulia tena.