Jivu la Ukoo wa Lim

Kisomajivu kilikuwa na ukubwa wa birika la chai, na chakula chake kilikuwa jivu tu. Unakilisha kijiko kimoja, kinalichoma tena kwa mwanga hadi lisibaki hata vumbi, kisha kinakuambia kilichoungua zamani kilikuwa kitu gani, maana jivu hukumbuka umbo lake. Asubuhi hiyo kilikuwa mezani kwa Bibi Lim, orofa ya tisini, mjini Tainan katika kisiwa cha Taiwan. Na Subilaga, aliyekileta kutoka Mbeya, mkono ulikuwa mzito kukiwasha.

Alikuja kusomea jinsi watu wa kisiwa hiki walivyoishi walipotawaliwa na Wajapani, karne mbili nyuma. Mwishoni mwa utawala ule watu walisukumwa wabadili majina. Polisi walipita majumbani wakihimiza vibao vya mababu vichomwe, vile vya mti vyenye majina ya wazee, ambavyo familia huviwashia udi. Badala yake iwekwe madhabahu ya Kijapani. Sasa, mwezi uliopita Subilaga alifukua daftari la polisi lililoandikwa hivi: “Lim A-tho amechoma kibao chake uani, mbele yetu. Amepongezwa.”

A-tho ndiye babu wa mababu wa Bibi Lim. Kwa kosa lile ukoo ulilitenga tawi lake lote, na hakuna hata mmoja wao aliyezikwa makaburi ya ukoo. Bibi Lim alikuwa na miaka tisini na mmoja, na alitaka kulala na wenzake. Mkuu wa ukoo alikuwa amemwambia, “Lete ushahidi kwamba hakuchoma, dada, nami nitakufungulia makaburi.”

Ushahidi ulikuwa jivu lenyewe. Watu wa huko wakihama hawaliachi jivu la udi, hulibeba. A-tho alizoa jivu la siku ile akalitia kwenye bakuli la udi, na wanawe wakalitunza chini kabisa, kizazi hadi kizazi.

“Mbona umenywea, binti?” Bibi Lim aliuliza. Kifaa cha kutafsiri sikioni mwa Subilaga kilimpa bibi huyo sauti ya mama wa sokoni. “Hebu kitendawili!”

“Tega.”

“Kila siku anakula moto, hashibi wala haungui.”

“Jiko?”

“Wapi! Nipe mji.”

“Chukua Mbeya.”

“Mbeya nimeichukua wiki nzima, sasa ni yangu! Haya, ni bakuli la udi. Washa mashine yako, mwanangu. Baya nimeishi nalo miaka tisini, halitaniua leo.”

Subilaga akachota kutoka chini. Kisomajivu kikanguruma, kikanyamaza, kikasema:

“Mti wa matunda, mnene vidole vinne. Mafuta ya nguruwe. Chumvi. Kitunguu. Mikato ya kisu, elfu nne na ushei. Wino, hakuna. Majina, hakuna.”

Subilaga alikilisha kijiko kingine. Jibu lilikuwa lile lile.

“Bibi, alichoma ubao wa kukatia nyama!”

Bibi Lim alimkodolea macho. Kisha akacheka mpaka akashika mbavu. “Uuuwi! Miaka tisini nauwashia udi ubao wa jikoni! Na mkewe alikatia wapi siku hiyo?”

“Na kibao chenyewe?” alipotulia akauliza.

“Alikificha, Bibi. Wapi, jivu halijui.”

Kicheko kikageuka machozi. A-tho alifariki mwaka mmoja kabla ya Wajapani kuondoka. Ndugu zake walikuwa wakimpita njiani bila salamu naye akanyamaza, kwani neno moja tu lingefika kituo cha polisi. Wanawe wakarithi aibu ambayo haikuwa yao.

Bibi Lim alimpigia mkuu wa ukoo, akamsomea yote, hata kitunguu. Upande wa pili mzee akapenga kamasi. “Njoo, dada,” alisema. “Njoo na A-tho wako. Nitawasafishia mahali mimi mwenyewe.”

Subilaga alitazama jivu lililobaki. “Hili nilimwage, Bibi?”

“Thubutu!” Bibi Lim alilikumbatia bakuli. “Huyu ameungua badala ya wazee wetu. Naye ni mzee. Lete udi na kiberiti.”